Jinsi ya kutengeneza nyumba ya ndege ya mbao: mwongozo kamili, kuanzia tundu

Ndege wengi hawatakuja kukaa katika nyumba utakayowajengea, hata uipambe vipi. Chozi hufuma kiota chake akakining'iniza kwenye kitawi, njiwa hutandaza vijiti vichache akaridhika, na mbayuwayu wengi hufinyanga udongo chini ya paa. Hao hawana haja na sanduku lako. Wanaolihitaji ni wale wanaotaga ndani ya matundu ya miti: shomoro, kwenzi, baadhi ya bundi na kasuku, pamoja na ndege wengi wadogo wanaotegemea shimo lililoachwa na kigong'ota au lililooza lenyewe. Mti mkongwe ukiangushwa, au tawi kavu likikatwa ili bustani ionekane safi, hao ndio wanaobaki bila makazi.

Kisanduku cha mbao kinachukua nafasi ya shimo hilo la mti. Ukilishika hilo, maswali mengi ya ujenzi yanajijibu: ndani kuwe na giza, kuta ziwe nene, sakafu ikae kavu, mlango uwe mmoja na mdogo. Vijumba vyenye madirisha, ngazi na kibaraza vinavyouzwa kama mapambo vinampendeza mnunuzi, ila ndege hana habari navyo.

Tundu kwanza, mbao baadaye

Watu wengi huanza kwa kukata mbao, kisha wakatoboa tundu la upana wowote ule kulingana na biti waliyo nayo. Ni kuanza mkia mbele. Upana wa tundu ndio unaoamua nani ataingia na nani atabaki nje, kwa hiyo kabla ya kununua chochote, tazama asubuhi kadhaa ni ndege gani wanaozunguka bustanini na ni wapi kati yao wanaoingia kwenye mianya ya kuta, mabomba au miti.

Kwa ndege wenye umbo la shomoro, tundu la milimita 32 linafaa. Walio wadogo zaidi wanatosheka na milimita 25 hadi 28. Kwenzi wa Ulaya anataka kama milimita 45. Tofauti hizi zinaonekana ndogo kwenye futi, lakini kwa ndege ni sawa na mlango uliofungwa na ulio wazi. Mfano mzuri uko Amerika Kaskazini. Shomoro wa Ulaya walifikishwa huko katika miaka ya 1850, na kwenzi wa Ulaya wakaachiwa huru New York mwaka 1890. Wote wawili walienea na kuyateka matundu ya ndege wenyeji, mmojawapo akiwa ndege mdogo wa buluu anayependwa sana huko. Watu walipoanza kumtundikia visanduku, waliona kwamba tundu la milimita 38 linampitisha huyo wa buluu na kumzuia kwenzi. Shomoro bado anapita, na ugomvi wake unaendelea mpaka leo, lakini angalau adui mmoja alibaki nje kwa sababu ya milimita chache tu.

Ukikosa uhakika, toboa milimita 32. Tundu dogo unaweza kulipanua baadaye kwa tupa, ila kubwa halirudi kuwa dogo mpaka ulibandike kipande kingine. Na tundu linapokuwa pana kupita kiasi, kunguru anaingiza kichwa na paka anaingiza mkono.

Kuhusu kile kijiti kinachowekwa chini ya tundu eti ndege atue: usikiweke. Ndege wa matundu wana kucha za kushika ubao wenyewe na hawahitaji msaada huo. Anayefaidika ni mwizi wa mayai, maana anapata pa kusimama akifanya kazi yake kwa utulivu.

Mbao gani

Tumia mbao halisi yenye unene wa sentimita 2 hivi, isipungue 1.5. Unene huo unazuia joto la mchana na baridi ya usiku. Sanduku la mbao nyembamba, au la bati, huwa tanuri jua likiwaka, na makinda hayana pa kukimbilia. Mwerezi na mtiki hustahimili mvua kwa miaka mingi. Paina ni rahisi kupatikana na kukata, ingawa huoza mapema zaidi. Mbao kuukuu kutoka kwenye kreti au rafu iliyovunjwa zinafaa sana, mradi hazina rangi ya zamani wala harufu ya dawa.

Usitumie mbao za chembechembe zilizobanwa kwa gundi, kwani zinavimba na kumeguka zikilowa. Plaiwudi ya kawaida nayo huachana tabaka. Mbao zilizolowekwa dawa ya kuzuia mchwa ni nzuri kwa nguzo ya kutundikia, ila si kwa chumba ambacho makinda watadonoa kuta zake.

Mbao iliyopasuliwa kwa msumeno bila kupigwa randa ni bora kuliko iliyolainishwa, kwa sababu makinda wanahitaji mahali pa kukwaruza wanapopanda kutoka. Ukiwa nayo, upande wenye mikwaruzo uugeuze ndani.

Utahitaji ubao wa inchi moja kwa sita, yaani upana wa sentimita 15, wenye urefu wa mita 1.5, na kipande kifupi cha moja kwa nane kwa ajili ya paa. Vifaa ni msumeno, futi, penseli, guni (kipimo cha pembe mraba), drili au keekee, biti pana ya milimita 32, bisibisi, tupa na msasa. Skrubu ziwe za sentimita 4, zisizoshika kutu. Misumari inafanya kazi, ila mbao zikilowa na kukauka mara kwa mara misumari hujivuta nje polepole, na siku moja unakuta ukuta umeachia.

Vipimo na kukata

Vipimo hivi vimehesabiwa kwa ubao wa upana wa sentimita 15 na unene wa sentimita 2. Pima ubao wako mwenyewe, usiamini jina lake: ukishapigwa randa, ubao huwa mwembamba kuliko unavyoitwa dukani. Kipimo kinachoathirika zaidi ni upana wa sakafu. Kanuni ni rahisi: chukua upana wa ubao, toa unene mara mbili.

- Mgongo: 15 kwa 45
- Mbavu mbili: kila moja upana 15, urefu 30 upande wa nyuma na 25 upande wa mbele
- Uso: 15 kwa 24
- Sakafu: 11 kwa 15
- Paa (kutoka ubao mpana): 20 kwa 24

Mbavu mbili zinatoka kwenye kipande kimoja cha sentimita 55. Kwenye ukingo mmoja weka alama sentimita 30 kutoka mwisho wa kushoto, na kwenye ukingo wa pili sentimita 25 kutoka mwisho huohuo. Unganisha alama hizo kwa mstari, kata, na utapata mbavu mbili zinazofanana bila kupoteza mbao. Mstari huo wa mshazari ndio unaolipa paa mteremko wake.

Pima kipande, kata, kisha ndipo upime kinachofuata. Ukichora vipande vyote kwa pamoja halafu ukate mfululizo, unene wa msumeno utakula milimita kadhaa kila mara, na kipande cha mwisho kitakuwa kifupi.

Sakafu ikishakuwa na vipimo vyake, kata ncha za pembe zake nne, kama sentimita 1 kila moja. Vijitundu hivyo ndivyo vitakavyotoa maji. Wengine hutoboa matundu manne katikati ya sakafu. Yanafaa pia, ila huzibwa na kiota mapema.

Kutoboa mlango

Toboa uso ungali peke yake, kabla ya kuunganisha. Weka kitovu cha tundu katikati ya upana, sentimita 19 kutoka ukingo wa chini. Hapo ukingo wa chini wa tundu utakuwa juu ya sakafu kwa takriban sentimita 15, kina kinachomweka mama na makinda mbali na mkono wa paka. Visanduku vyenye tundu karibu na sakafu ndivyo vinavyoibiwa kwanza.

Bana uso juu ya kipande cha mbao chakavu, kisha toboa mpaka biti iingie kwenye kile cha chini. Bila hicho, upande wa pili utachanika vibanzi. Ukiweza, inamisha drili kidogo ili tundu lipande kuelekea ndani. Tone la mvua likigonga ukingo litateremka nje. Huna biti pana? Chora duara, toboa vitundu vidogo kuuzunguka mstari kwa ndani, sukuma kipande cha katikati kitoke, halafu malizia kwa tupa. Kata pia duara la milimita 32 kwenye karatasi ngumu uwe unalipitisha kupima. Lainisha ukingo kwa msasa, maana ndege ataupita mara mamia kwa siku akilisha makinda, na kibanzi kimoja kinatosha kuharibu manyoya.

Ndani ya uso, chini ya tundu, chora kwa msumeno mifereji ya kulala, kina cha milimita 2 na nafasi ya sentimita 1 kati ya mmoja na mwingine. Hiyo ndiyo ngazi ya makinda siku ya kuruka. Nimeona visanduku vingi vilivyotengenezwa vizuri kila kitu isipokuwa hili, navyo vina ukuta laini kama meza.

Kuunganisha

Kisanduku kisichofunguka hakisafishiki, na kisichosafishika huwa makao ya viroboto na utitiri baada ya msimu mmoja. Swali ni ufungue wapi. Wengi hufungua paa kwa bawaba, lakini paa ndilo linalopigwa na mvua, na kila kiungo kinachochezacheza juu hatimaye huvuja. Mimi nafungua ubavu na kuliacha paa limefungwa moja kwa moja.

Chagua ubavu mmoja uwe mlango wa kusafishia. Upunguze milimita 5 upande wa juu ili upate nafasi ya kuzunguka, na upige msasa kingo zake mbili ndefu mpaka upungue upana kwa milimita 1 au 2. Uweke kando.

Anza na ubavu wa pili. Ufunge kwenye sakafu, sakafu ikiwa imeinuliwa milimita 6 kutoka ukingo wa chini, ili maji yanayoteremka ukutani yadondoke bila kuigusa. Kila mahali pa skrubu, toboa kwanza kwa biti nyembamba, la sivyo mbao itapasuka kwenye mwisho wa nyuzi zake. Kisha chora mstari kwenye mgongo, sentimita 7.5 kutoka chini; hapo ndipo kisanduku kinapoanzia. Simamisha ubavu na sakafu juu ya mstari huo, funga skrubu kutokea nyuma. Sehemu zinazobaki juu na chini ya mgongo ni za kutundikia. Baada ya hapo funga uso, ukilinganisha ukingo wake wa chini na wa mbavu. Utaona uso ni mfupi kidogo kuliko mbavu. Usiurefushe: mwanya huo chini ya paa ndio unaotoa hewa ya moto.

Sasa mlango. Uingize mahali pake, uushike ukiwa sawa, kisha toboa kupitia uso kuingia kwenye ukingo wa mlango, sentimita 22 kutoka chini ya kisanduku na sentimita 1 kutoka pembeni. Fanya vivyo hivyo kutokea mgongoni, kwa kimo kilekile. Tumia guni, matundu haya mawili yasipotazamana, mlango utakwama. Skrubu moja kila upande, zisikazwe sana, zitakuwa bawaba: chini ya mlango itafunguka nje, juu itaingia ndani. Kwa kufuli, toboa kitundu kupitia uso, karibu na chini, kiingie ukingoni mwa mlango kikiinama kidogo, uchomeke msumari unaotoka kwa vidole. Usitumie gundi popote kwenye mlango.

Paa linakuja mwisho. Chonga ukingo wake wa nyuma uwe na mshazari unaokaa sawasawa dhidi ya mgongo, karibu nyuzi 18. Upande wa chini, sentimita 2 kutoka ukingo wa mbele, kata mfereji mmoja mwembamba wa msumeno. Maji yanayotaka kurudi nyuma kuelekea tundu yatafika hapo na kudondoka. Funga paa kwa skrubu tatu kwenye ubavu usiofunguka na mbili kutokea mgongoni. Litachomoza mbele kwa karibu sentimita 6, na sentimita 2.5 kila upande. Kiungo cha paa na mgongo ukifunike kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, ukishindiliwa kwa vimisumari vifupi.

Fungua na ufunge mlango mara kadhaa. Ukikwama sasa, ukilowa utakwama zaidi.

Rangi

Ndani usipake kitu chochote. Nje unaweza kuacha mbao ikauke na kuwa ya kijivu, au upake mafuta ya kitani, au rangi ya maji isiyong'aa, ya kijivu, kahawia au kijani iliyofifia. Mahali penye jua kali chagua rangi nyepesi. Rangi nyeusi hupokea joto na kulipeleka ndani. Usiguse ukingo wa tundu. Kiache kisanduku nje penye upepo mpaka harufu iishe kabisa kabla hakijapanda mtini.

Kukitundika

Kimo cha mita 2 hadi 4 kinawatosha ndege wadogo wengi, nacho ni kimo unachoweza kukifikia kwa ngazi bila kuhatarisha shingo yako. Geuza uso usitazame jua la alasiri wala upande mvua inakotokea. Pakiwa na kivuli cha mchana ni bora zaidi, ila njia ya kuruka kuelekea tundu iwe wazi, bila majani mbele yake. Kinamishe kidogo kwenda mbele. Kikiegemea nyuma, mvua inaingia.

Nguzo ya chuma ni mahali salama kuliko mti. Ivishe koni ya bati chini ya kisanduku, mdomo mpana ukitazama chini, na paka, panya na nyoka wengi watashindwa kupanda. Koni haina maana kama kuna tawi au ukuta jirani wa kurukia, kwa hiyo tazama pande zote kama paka. Ukilazimika kutumia mti, usiupige misumari: funga kwa waya uliopitishwa ndani ya mpira wa maji, na uulegeze kila mwaka mti unaponenepa.

Shomoro hukaa kwa makundi, na visanduku viwili vitatu ubavuni mwa nyumba, chini ya paa, vinaweza kujaa vyote. Ndege wengi wengine hawavumilii jirani wa aina yao. Ukitundika vitano kwenye mti mmoja, utapata mpangaji mmoja na vinne vitupu.

Usiweke nyasi wala pamba ndani. Ndege anayejenga huleta vifaa vyake na huvipanga atakavyo. Isipokuwa bundi na kasuku, ambao wengi wao hutaga bila kujenga: hao watandikie maranda makavu ya mbao, sentimita 5 hivi. Vumbi la msumeno halifai, linashika unyevu na kugandamana.

Wakishaingia

Huenda mwaka mzima ukapita bila mtu kuingia, na si dalili ya kosa. Ukipita msimu wa pili mtupu, hamisha kisanduku kabla ya kulaumu vipimo. Ukiona ndege akiingia na majani mdomoni, kaa mbali. Kwa ndege wadogo wengi, mayai huatamiwa kwa takriban wiki 2, na makinda hukaa kiotani wiki 2 hadi 3 nyingine. Katika siku za mwisho usifungue mlango hata kwa kuchungulia: makinda yaliyokaribia kuruka hushtuka na kutoka kabla mabawa hayajakomaa. Tena, katika nchi nyingi kusumbua kiota chenye mayai au makinda ni kosa kisheria.

Nyigu wakianza kujenga darini, usipulize dawa. Kabla ya msimu, sugua kipande cha sabuni kavu kwenye upande wa chini wa paa. Wanashindwa kushikiza kiota chao hapo. Nyuki wakishatulia ndani, kiache kisanduku na umwite mfugaji wa nyuki.

Ndege wakishaondoka, na ukishahakikisha kwa siku kadhaa kwamba hakuna anayerudi, vaa glavu, funika pua na mdomo, ukitoe kiota chote. Vumbi lake lina utitiri na kinyesi kikavu. Mwagia maji yanayochemka kuta na sakafu, usitumie dawa ya wadudu, kisha acha mlango wazi mpaka mbao ikauke. Baadhi ya ndege hutaga tena katika msimu huohuo, hivyo usichelewe. Wakati huo ndio wa kukagua ukanda wa mpira, kubana skrubu zilizolegea na kuangalia kama kigong'ota au panya ametafuna ukingo wa tundu. Kama ametafuna, pigilia juu yake kipande cha bati chenye tundu la milimita 32, kingo zake zikiwa zimelainishwa kwa tupa.